Kompyuta ya Zahanati Inakosea Saa: Jinsi ya Kutambua Chanzo Kabla ya Kuirekebisha



Makala haya yanawalenga makarani wa takwimu, watunza dawa, wahudumu wa chanjo na vijana wanaosimamia kompyuta katika zahanati na vituo vya afya vya kambini hapa Kigoma. Wengine pia watafaidika, hasa wazazi, kwa sababu kuna onyo moja muhimu kuhusu watoto wadogo.

Mara nyingi saa ya kompyuta inapokosea, mtu wa kwanza kufika asubuhi huirekebisha kwa mkono na kuendelea na kazi. Kesho yake imekosea tena, naye anairekebisha tena. Hiyo ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya kushusha homa kila siku bila kumpima malaria. Homa inashuka, ugonjwa unabaki.

Jambo la kushika katika makala haya ni hili: ukubwa wa kosa na namna linavyojitokeza ndivyo vinavyotaja chanzo chake. Kwa hiyo usiguse saa kabla hujaandika kosa lilivyo. Ukiirekebisha kwanza, umefuta dalili.

KWA NINI SAA NI JAMBO LA AFYA?

Karani akikosea tarehe kwenye rejesta ya karatasi, mwenzake ataona. Kompyuta huandika tarehe yenyewe, haimuulizi mtu. Ikikosea, kosa hilo linaingia kimya kimya katika kumbukumbu za wagonjwa.

Chanjo. Mtoto hupewa chanjo ya pentavalent akiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14, na kati ya dozi na dozi lazima zipite angalau wiki 4. Programu inayopanga tarehe ya kurudi huanza kuhesabu kutoka tarehe ya leo kama kompyuta inavyoijua. Tarehe ikiwa si sahihi, mama ataambiwa arudi mapema mno au atachelewa.

Mnyororo baridi. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Vifaa vingi vya kurekodi joto la friji hupewa saa yake na kompyuta inayoviandaa. Kompyuta ikiwa nyuma kwa saa 6, kifaa kitaonyesha joto lilipanda jioni wakati jenereta ilikuwa ikifanya kazi, kumbe lilipanda usiku wa manane jenereta ilipokuwa imezimwa. Mtatafuta ubovu wa friji usiokuwepo.

Dawa. Kompyuta inayoamini kwamba tuko miaka kadhaa nyuma haitatoa onyo kuhusu dawa iliyokwisha muda wake. Kwake yeye dawa hiyo bado ni nzima.

Taarifa za mlipuko. Wiki ya taarifa za magonjwa huanza Jumatatu na kuishia Jumapili. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kipindupindu akiandikishwa Jumatatu saa 7:00 usiku, yaani 01:00, kwenye kompyuta iliyo nyuma kwa saa 3, ataingia katika wiki iliyopita. Timu ya afya itaona wiki mpya imeanza salama, na haikuanza salama.

Mawasiliano. Tovuti na barua pepe zenye ulinzi hukagua tarehe kabla ya kufunguka. Tarehe ikiwa imekosea sana zinakataa, na taarifa ya wiki haiondoki. Watu husema "mtandao hakuna" na kumbe mtandao upo.

SAA MOJA YA NDANI, NYINGINE YA PROGRAMU

Ndani ya kompyuta mna saa za aina mbili.

Ya kwanza iko kwenye bodi kuu. Inaendelea kuhesabu hata kompyuta ikiwa imezimwa. Inategemea kipande kidogo cha kioo cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Umeme wa nje usipokuwepo, saa hii huishi kwa betri ndogo bapa ya duara kama sarafu. Katika kompyuta nyingi za mezani betri hiyo ni ya aina ya CR2032, yenye nguvu ya volti 3.

Ya pili ni ya programu endeshi, kama vile Windows au Linux. Kompyuta inapowashwa, programu endeshi husoma saa ya bodi, kisha huendelea kuhesabu yenyewe. Mtandao ukiwepo, huuliza saa sahihi kwa kompyuta maalumu za saa zilizoko kwenye intaneti na kujisahihisha.

Kosa linaweza kutoka kwenye betri, kwenye kioo cha kwatzi, kwenye mpangilio wa programu, au kwa mtu aliyeingiza saa. Kazi yako ni kujua ni wapi.

KWANZA TAFUTA SAA YA KUAMINIKA

Huwezi kupima homa kwa kipimajoto kibovu. Saa ya ukutani isitumike kama kipimo. Chagua mojawapo kati ya hizi:

1. Simu inayochukua saa kutoka mtandao wa simu. Ila hakikisha imeshika mtandao wa Tanzania. Karibu na mpaka au kando ya ziwa simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo, na Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa 1.

2. Kifaa cha GPS. Saa yake hutoka kwenye setilaiti na ni sahihi sana. Kikiwa kimepangwa kuonyesha saa ya dunia, yaani UTC, ongeza saa 3 upate saa ya Tanzania.

3. Kompyuta nyingine yenye intaneti ambayo umethibitisha kwamba iko sawa.

HATUA ZA KUPIMA

1. Usirekebishe kitu. Andika kwenye daftari: tarehe na saa ya kweli, kisha tarehe na saa ya kompyuta, pamoja na dakika na sekunde. Andika mwaka pia.

2. Uliza historia, kama daktari anavyomuuliza mgonjwa. Kosa limeanza lini? Kuna aliyerekebisha saa karibuni? Kompyuta ilitoka wapi? Huzimwa namna gani jioni? Kuna ujumbe wowote kwenye skrini ya kwanza inapowashwa, hasa wenye neno CMOS?

3. Sasa rekebisha tarehe na saa, chomoa waya wa mtandao au zima intaneti isiyo na waya, na uiache kompyuta ikifanya kazi kwa saa kadhaa. Linganisha tena. Intaneti huzimwa ili isije ikaisahihisha saa na kukuficha ugonjwa.

4. Jioni zima kompyuta na uchomoe waya wake ukutani. Asubuhi iwashe, intaneti ikiwa bado imezimwa, na ulinganishe.

Ikiwa saa ilikuwa sawa kompyuta ilipokuwa imewashwa lakini asubuhi imekosea, shuku betri. Ikiwa inakosea hata ikiwa imewashwa, tatizo si betri peke yake. Na ikiwa vipimo vyote viwili ni sawa, lakini kosa linarudi mara tu intaneti inapounganishwa, angalia mpangilio wa ukanda wa saa.

DALILI NA CHANZO CHAKE

Imerudi nyuma miaka mingi, mara nyingi kwenye tarehe 1 Januari ya mwaka fulani. Betri imekwisha. Saa ya bodi ilikosa umeme kabisa, ikaanza upya kutoka tarehe iliyowekwa kiwandani.

Iko nyuma kwa saa 1 kamili, dakika ziko sawa. Ukanda wa saa umewekwa wa Burundi, Rwanda au mashariki ya Kongo. Wengi wetu tulipovuka mpaka tulisogeza saa zetu mbele kwa saa 1. Kompyuta nayo lazima isogezwe. Kwenye Windows, Dar es Salaam haimo katika orodha ya miji. Chagua Nairobi, kwa kuwa Kenya na Tanzania zina saa moja.

Iko nyuma kwa saa 1 miezi fulani na saa 2 miezi mingine. Hii ni kompyuta iliyotoka Ulaya, kwa mfano Ufaransa au Ubelgiji, ikabaki na ukanda wa huko. Nchi hizo husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatubadilishi saa, kwa hiyo tofauti ndiyo inayobadilika. Ukiona kosa linalokuja na kuondoka mwezi Machi na Oktoba, usinunue betri.

Imekosea kwa saa 3 kamili. Kompyuta inahesabu saa ya dunia badala ya saa yetu. Hali hii hutokea sana kwenye kompyuta yenye Windows na Linux pamoja. Linux kwa kawaida huweka saa ya dunia kwenye saa ya bodi, Windows huweka saa ya nchi. Kila mmoja anamharibia mwenzake: ukitoka Linux kwenda Windows saa inakuwa nyuma kwa 3, ukitoka Windows kwenda Linux inakuwa mbele kwa 3. Dawa yake ni kuiambia Linux itumie saa ya nchi kwenye bodi, au kubaki na programu endeshi moja tu.

Imekosea kwa saa 6 kamili. Aliyeingiza saa alitumia hesabu ya Kiswahili. Tutalieleza hili hapa chini.

Imekosea kwa saa 12 kamili. Aliyeingiza saa alichanganya AM na PM. AM ni kuanzia usiku wa manane hadi adhuhuri, PM ni kuanzia adhuhuri hadi usiku wa manane. Dalili yake nyingine ni kwamba tarehe hubadilika saa 6:00 mchana.

Siku na mwezi vimebadilishana nafasi. Huenda saa haijakosea. Kompyuta nyingi huonyesha tarehe kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Hivyo 03/04 inaweza kuwa tarehe 4 Machi au tarehe 3 Aprili. Rekebisha mtindo wa tarehe, si saa.

Inachelewa au inawahi kidogo kidogo, sekunde au dakika, na kosa linakua kila siku. Kioo cha kwatzi hakiko sawa, au betri inaelekea kuisha. Kosa la sekunde 1 au 2 kwa siku ni la kawaida, na kwa mwezi hufika karibu dakika 1. Joto kali na baridi kali vyote huichelewesha kwatzi. Kosa la dakika kadhaa kwa siku si la kawaida; anza kwa kubadilisha betri, na lisipoisha mpelekee fundi.

SAA YA KISWAHILI NA SAA YA MASHINE

Kiswahili na Kirundi huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa 2:00 asubuhi ni saa mbili baada ya siku kuanza. Kompyuta, kama Kifaransa na Kiingereza, huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa 2:00 asubuhi kwake ni 08:00. Tofauti ni saa 6 daima.

Mtu akiambiwa "weka saa mbili asubuhi" akaandika 02:00, kompyuta itabaki nyuma kwa saa 6. Dalili ya kuitambua ni rahisi: tarehe haibadiliki usiku wa manane, inabadilika alfajiri, saa 12:00 asubuhi. Watu waliolazwa usiku wote wanaandikwa tarehe ya jana.

Ili kuepuka hili, bandika karatasi pembeni ya skrini:

Saa 12:00 asubuhi ni 06:00
Saa 2:00 asubuhi ni 08:00
Saa 6:00 mchana ni 12:00
Saa 9:00 alasiri ni 15:00
Saa 12:00 jioni ni 18:00
Saa 2:00 usiku ni 20:00
Saa 6:00 usiku ni 00:00, tarehe mpya inaanza
Saa 8:00 usiku ni 02:00

Tumia pia mpangilio wa saa 24 badala ya AM na PM. Na mama akisema alijifungua "usiku wa Jumapili saa nane", muulize vizuri. Kwa kompyuta hiyo ni saa 02:00, na huenda tarehe tayari ni ya Jumatatu.

KUBADILISHA BETRI

Katika kambi betri hizi huisha mapema kuliko mjini. Kompyuta nyingi za mezani zikiwa zimezimwa lakini waya uko kwenye umeme, saa ya bodi hutumia umeme huo na kuipumzisha betri. Mahali ambapo jenereta huzimwa jioni, betri hubeba mzigo usiku kucha na mwisho wa wiki nzima.

1. Hifadhi kwanza nakala ya kumbukumbu zote muhimu. Kisha zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme.

2. Fungua kifuniko kwa bisibisi. Gusa chuma cha fremu kwanza ili kuondoa umeme tuli wa mwilini.

3. Tafuta betri ya duara kwenye bodi kuu. Angalia upande wenye alama ya kujumlisha umeelekea wapi. Bonyeza kishikizo chake, itoke.

4. Kama una mita, ipime. Betri mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya volti 2.7, ibadilishe.

5. Weka betri mpya ya aina ileile, alama ya kujumlisha ikielekea palepale. Funga kifuniko.

6. Washa kompyuta, ingia kwenye ukurasa wa BIOS (mara nyingi kwa kubonyeza F2 au Delete mara tu inapowaka), weka tarehe na saa, hifadhi na utoke.

Kompyuta mpakato usiifungue kama hujafundishwa. Baadhi yake zina betri iliyofungwa kwa waya, na nyingine hazina kabisa betri hii ya pembeni.

ONYO KWA KILA MZAZI: BETRI HII INAWEZA KUUA MTOTO

Betri ya CR2032 ina upana wa milimita 20. Mtoto mdogo akiimeza inaweza kukwama kwenye umio, na ikikwama huanza kuunguza nyama ya ndani. Majeraha mabaya yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Hata betri ambayo haiwezi tena kuendesha saa bado ina nguvu ya kuunguza.

Dalili huweza kuwa kutokwa na mate mengi, kukohoa, kukataa kula, kutapika au maumivu ya kifua. Wakati mwingine hakuna dalili yoyote mwanzoni. Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza betri:

- Mpeleke hospitali mara moja, usisubiri dalili. Anahitaji kupigwa picha ya eksirei.
- Usimtapishe. Usimpe chakula wala maji.
- Kama amezidi umri wa mwaka 1, anaweza kumeza, ameimeza betri ndani ya saa 12 zilizopita, na asali ipo karibu, mpe vijiko vidogo 2 kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Usichelewe safari kwa ajili ya kuitafuta. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali.

Betri iliyotolewa ifunge pande zote mbili kwa utepe wa gundi, iweke kwenye kopo lenye kifuniko, na uikabidhi kwa msimamizi wa kituo. Usiitupe kwenye shimo la taka ambako watoto huokota vitu vya kuchezea.

BAADA YA SAA KUPONA

Kazi haijaisha. Kumbukumbu zilizoandikwa wakati saa ilipokuwa inakosea bado zina makosa. Andika kwenye daftari la kompyuta: kosa lilikuwa kiasi gani, lilianza lini, lilirekebishwa lini na nani. Kisha linganisha na rejesta za karatasi za siku hizo, hasa rejesta ya chanjo, ya wazazi na ya wagonjwa wa kuhara. Usifute wala kubadilisha kumbukumbu kimya kimya. Mweleze msimamizi wa takwimu ili masahihisho yafanywe kwa utaratibu, na kama taarifa ya wiki ilishatumwa, itumwe ya kusahihisha.

Tangu hapo, kila Jumatatu asubuhi linganisha saa ya kompyuta na saa ya kuaminika na uandike tofauti. Ni kazi ya dakika 1, kama vile kuandika joto la friji.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, saa kukosea ni dalili ya virusi vya kompyuta?
Ni nadra. Chunguza betri, ukanda wa saa na hesabu ya saa kwanza.

Tuna intaneti. Mbona saa haijisahihishi?
Huenda huduma ya kuoanisha saa imezimwa. Pia Windows kwenye kompyuta inayojitegemea hukataa kwa kawaida kusahihisha kosa linalozidi saa 15. Kwa hiyo betri ikiisha na tarehe ikarudi nyuma miaka mingi, weka wewe mwenyewe tarehe na saa zilizo karibu na ukweli, kisha uiambie ioanishe.

Hatuna betri mpya. Tufanye nini kwa sasa?
Acha waya ukutani kila umeme unapokuwepo. Teua mtu mmoja wa kukagua tarehe, mwaka na saa kila asubuhi kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa, na aweke sahihi kwenye daftari. Hii ni huduma ya kwanza tu, betri iagizwe.

KUMBUKA

- Andika kosa kabla ya kulirekebisha.
- Miaka mingi: betri. Saa 1 au 2 kamili: ukanda wa saa. Saa 3: saa ya dunia. Saa 6: hesabu ya Kiswahili. Saa 12: AM na PM. Dakika zinazokua: kwatzi au betri dhaifu.
- Rekebisha chanzo, kisha sahihisha kumbukumbu.
- Betri zote za duara, mpya na za zamani, ziwekwe mbali na watoto.